Mayu, Umeandika "Sina"

Mayu,

Kabla hujapanda basi kesho, jua umezaliwa na nani. Umezaliwa na mwanamume ambaye sangara wa ziwa hili walikuwa wanampisha njia. Mamba aliniona mara moja tu, akageuza, akaenda zake Biharamulo kwa miguu. Na siku ile ya Tatu Bila, kama jua lisingekuwa kali na kama wenzangu wasingekuwa na haraka zao, ningekuwa wa kwanza, wa pili na wa tatu, peke yangu.

Haya, cheka. Najua unachekea puani kama mama yako. Ukimaliza endelea kusoma, maana barua ni ndefu na mwandishi wake aliishia kidato cha pili, tena nacho nilikaa karibu na mlango. Ukikuta herufi imelala, iamshe. Kalamu nyekundu unayo.

Mambo ya sabuni, ndala na kutokula vya watu usiowajua, mama yako ameyasema tangu Jumatatu, na hivi ninavyoandika bado anayasema huko jikoni. Sina la kuongeza. Mimi nimekaa kwenye benchi la gereji, jua bado lipo, baiskeli ya mteja iko miguu juu mbele yangu inasubiri cheni, na mwenyewe nimemwambia aje kesho mchana. Leo nina kazi nyingine.

Kazi yenyewe ni hii. Mchana ulinipa fomu yako ya shule nisaini. Niliisoma yote, usidhani huwa nasaini tu. Jina, sawa. Masomo, Fizikia, Kemia na Baiolojia, sawa, kichwa kikavimba kidogo. Magonjwa, hakuna. Halafu kuna mstari umeandikwa "Michezo unayoshiriki". Hapo umeandika: Sina.

Nikasaini. Nikakurudishia, nikasema mwandiko wako mzuri. Nikaja huku gereji, na tangu saa nane sijafunga hata nati moja.

Kwa hiyo nakuandikia kuhusu neno hilo moja. Nitazunguka kidogo. Unanijua.

Unakumbuka ilivyoanza? Kochi Deo, yule kijana mwembamba aliyerudi Chato kutoka kusomea michezo, alileta baiskeli yake nimnyooshee rimu. Wakati nanyoosha, akabandika tangazo kwenye nguzo yangu bila hata kuomba. Kuogelea ziwani, kisha baiskeli, kisha mbio za miguu, mfululizo. Nikamuuliza mtu anapumzikia wapi. Akasema hapumziki. Nikamuuliza, hata chai? Akasema hata chai. Jamaa waliokuwa kijiweni wakacheka mpaka mmoja akaanguka kwenye benchi hili hili, wakayapa mashindano jina: Tatu Bila. Tatu bila kupumzika. Kufika Jumapili, hata akina mama wanaouza dagaa walikuwa wanasema Tatu Bila, na Kochi mwenyewe alishasahau jina lake la kisomi.

Nami nikafungua mdomo. Nikasema hayo mashindano ni yangu. Baiskeli nimeilalia tangu ujana. Mbio, nimekimbizana na ng'ombe wa babu yako kabla sijajua kuvaa suruali. Na kuogelea, nikasema, jamani, kuogelea hata msiniulize.

Wewe ulikuwa nyuma yangu umeshika pampu. Hukusema kitu mbele ya watu, na kwa hilo nilikushukuru. Tulipofika kwenye kona ya nyumbani ndipo ukasema, "Baba, wewe hujui kuogelea."

Nikakujibu, "Najua. Ila sijawahi."

Ukasimama ukanitazama kama unavyotazama hesabu iliyokosewa. Halafu ukasema kesho saa kumi na mbili asubuhi, kule kwenye mawe, nije na dumu.

Ulikuwa umemaliza kidato cha nne, unasubiri majibu, huna kazi zaidi ya kunicheka. Wewe umekulia hapa, umejifunza maji pamoja na watoto wa wavuvi tangu ukiwa na meno ya maziwa. Mimi ni mtu wa Kharumwa. Kwetu maji tuliyoyajua ni ya ndoo, na yale yanayojaa kwenye mashimo ya dhahabu mvua ikinyesha, na hayo hakuna mtu anayeingia kwa kupenda. Ukanifunga dumu la njano kiunoni kwa kamba ya katani, mtu mzima, fundi anayeheshimika, nikaelea kama mzigo uliodondoka kwenye mtumbwi. Mama yako alikuja siku ya kwanza kutuonya kuhusu mamba na kichocho. Akaniona na dumu. Akasahau kilichomleta, akakaa kwenye jiwe akicheka mpaka akashika mbavu.

Lakini Mayu, yale maji yalinifungua akili. Mbona jiwe dogo linazama na mtumbwi mzito hauzami? Mbona nikilala kama mtu anayesubiri kuzikwa naelea, na nikipigana nazama? Mbona maji ya juu ni ya moto na ya chini yanauma? Nilikuuliza mpaka ukachoka. Kuna siku ulinijibu kwamba hilo liko kidato cha tatu, nirudi shule. Nikasema maji yenyewe yana walimu wengi kuliko shule yangu ya zamani, tena hayachapi.

Kitu kimoja kilinishinda kwa wiki mbili. Kila nikiingiza uso majini, kifua kinajifunga kama bolti iliyoota kutu. Sikujua kwa nini. Wewe ndiye uliyegundua. Ukasema, "Baba, unaziba pumzi. Toa hewa ukiwa ndani ya maji."

"Nikiitoa nitabaki na nini?"

"Utaingiza nyingine."

Hapo nilikumbuka duara. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, wewe uko tumboni, mimi niko chini ya ardhi ndani ya hilo duara, shimo la dhahabu jirani na kwetu, na hewa tunaletewa kwa bomba kutoka kwenye feni iliyoko juu. Siku moja feni ikazima. Giza tulishalizoea, kimya ndicho kilichotutisha. Mzee mmoja tuliyekuwa naye akanishika bega akaniambia nivute hewa kidogokidogo, kama mtu anayeonja uji wa moto. Tulipanda tukatoka wote. Lakini mimi sikuonja uji wowote, nilibana pumzi mpaka macho yakaona nyota. Na tangu siku hiyo kila nikiogopa nabana. Ulipozaliwa nilibana, nesi akaniambia niende nje kabla sijampa kazi ya pili. Nilipokwenda kuposa, wewe ukiwa umeshazaliwa, nilibana. Miaka yote hiyo sikujua kama nina tabia hiyo, mpaka ukaja kunionyesha wewe, ukiwa umesimama kwenye maji ya kifuani na kitambaa kichwani.

Siku niliyotoka jiwe la kwanza kwenda jiwe la pili bila dumu, moyo ulinilia masikioni kama karasha inayosaga mawe. Nikageuka kukuonyesha, nikakuta umeshanitangulia kwenye jiwe, umekaa, unakausha nywele. Nilidhani uko nyuma yangu. Kumbuka hapo, nitaparudia.

Baiskeli nako kulikuwa na maajabu. Unajua kabla ya kuja Chato nilibeba abiria kwa baiskeli Shinyanga mjini miaka miwili. Kumbe mtu akizoea kubeba, akiachwa mtupu hawezi. Nikiendesha bila mzigo, usukani unayumba kama mlevi anayetafuta nyumba yake. Kochi akashauri nitoe keria ili baiskeli iwe nyepesi. Nikamwambia bora anitoe mkono. Ndipo ukapanda wewe kwenye keria, ukakaa upande, simu ya mama yako mkono mmoja kwa ajili ya kupima muda, kitabu cha Baiolojia mkono mwingine, tukashika barabara ya Bwanga.

Yale ndiyo masomo niliyoyafaidi maishani. Nikifika kwenye kilima nauliza kwa nini mapaja yanaungua. Wewe unafungua kitabu, unasoma kwa sauti kwamba misuli ikikosa oksijeni ya kutosha inatengeneza asidi. Nikasema kumbe nina kiwanda ndani ya paja na hakuna aliyeniambia. Nikauliza kwa nini jasho lina chumvi. Kwa nini nikitazama tairi la mbele nachoka upesi, na nikitazama mbali sichoki. Hilo la mwisho halikuwa kwenye kitabu, ukasema utaliuliza kidato cha tano. Usilisahau. Nikakuambia kilima ni kikali, shuka usukume. Ukasema hushuki, wewe ni mzigo wa mazoezi na mzigo haushuki. Watu wa bodaboda wakapita wakisema fundi kapata abiria asiyelipa.

Na mbio. Unashuka kwenye baiskeli, unataka kukimbia, unakuta miguu si yako. Siku ya kwanza nilisimama katikati ya njia nikaitazama, nikakuuliza hii ni miguu ya nani. Tulikimbia kule machungani, na kila tukikutana na mzee na ng'ombe wake mimi nasimama kuamkia, na mzee naye anataka habari za nyumbani, za mifugo, za mvua. Muda unakwisha. Ukabuni njia yako. Ukawa unatangulia, unapiga goti huku unaendelea kuchezesha miguu, unasema, "Shikamoo babu, na baba anayekuja nyuma naye anasema shikamoo." Mimi nikipita napokea marahaba ambayo sijaifanyia kazi. Mzee mmoja alituuliza tunakimbizwa na nani. Ukamjibu hatukimbizwi. Akauliza, sasa mnamkimbiza nani? Tukacheka wote wawili mpaka nyumbani.

Nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu yeyote kijiweni. Nilipenda mazoezi kuliko mashindano. Nilikuwa naamka kabla ya jogoo nikiwa na hamu ya kujua leo mwili utasema nini. Mtu wa miaka thelathini na sita, nilidhani nimeshamaliza kujijua, kumbe sijafungua hata mlango. Na sehemu kubwa ya hamu hiyo ilikuwa ni kwamba wewe utakuwepo na majibu yako ya kejeli.

Sasa nafika kwa Kochi.

Zilibaki wiki tatu. Kochi alikuja kule kwenye mawe asubuhi, akakaa, akatutazama. Mimi nilikwenda na kurudi mara moja. Wewe ulikwenda na kurudi, ukaenda tena, ukanipita wakati wa kwenda ukanipita wakati wa kurudi, na katikati ukasimama kuniuliza kama natoa hewa. Kochi akaniita pembeni. Alikuwa na fomu mbili mkononi. Tuliongea kwa muda mfupi, wewe ukiwa mbali unakamua kitenge.

Njiani nilikuambia alichosema. Nilikuambia, "Kochi anasema wewe bado. Mwaka mwingine labda."

Ukauliza mara moja tu, "Amesema hivyo?"

Nikasema ndiyo.

Ulitembea hatua kama kumi. Halafu ukasema, "Basi tukazane na wewe." Na ukakazana kweli. Wiki tatu ulinisukuma kuliko mwanzo. Hukununa hata siku moja. Ungenuna ingekuwa nafuu.

Siku ya Tatu Bila watu walijaa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Namba tuliandikiwa mkononi kwa kalamu nene, mimi kumi na tisa. Kochi alikuwa ametuambia tuvae nguo isiyobeba maji, na mimi sina nguo ya namna hiyo, kwa hiyo nilivaa taiti nyeusi ya mama yako, nimeikata magotini. Unajua yote haya, lakini nayaandika kwa ajili ya wajukuu.

Niliogelea vizuri. Hili ni la kweli, hata ukimuuliza Kochi. Nilikwenda mpaka kwenye mtumbwi wenye bendera nikitoa hewa kama ulivyonifundisha, nikazunguka, nikaanza kurudi, nyuma yangu kuna watu saba. Nikainua uso nitazame nchi kavu iko wapi.

Nikamwona mkwe.

Amesimama palepale tunapotokea, gauni la kanisani, mwavuli, amejipanga kama mgeni rasmi. Kumbe ulimpigia simu, akatoka Kharumwa kuja kumwona mume wa binti yake. Anapiga makofi. Na mimi nimevaa taiti ya binti yake.

Wewe unaona ni vichekesho. Mimi nimelelewa hivi: mama mkwe humpi mkono, humsogelei, akishika njia hii wewe unapinda ile, na jina lake halipiti mdomoni mwako. Mama yako analijua hilo vizuri, na kwa makusudi kabisa akakupa wewe jina la mama yake. Miaka kumi na saba sasa, mtoto wangu wa kumzaa simwiti jina. Ndiyo maana kwangu wewe ni Mayu tu, mama, na mtaa mzima wanadhani ni mapenzi. Ni mapenzi pia, lakini yalianza kwa kukosa pa kupitia.

Basi nikasimama. Maji yalikuwa kiunoni, nikarudi nyuma mpaka yakafika shingoni, vidole vya miguu vinagusa kwa shida. Wale saba wakanipita mmoja mmoja, kila mmoja akinitazama kama ng'ombe aliyegoma kuvuka. Kochi akapiga kelele kwamba Fundi toka. Nikajibu napumzika kidogo. Akasema hii ni Tatu Bila. Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Mimi nikawa nakutafuta wewe kwa macho, nikiyapeleka kwa mkwe, nikiyarudisha kwenye taiti.

Uliniona, ukaelewa. Ulichukua suruali yangu kwenye baiskeli, ukaikunja, ukaiweka kichwani, ukaifunga kwa mtandio, ukaingia majini na gauni lako. Mimi nilikuwa naendelea kurudi nyuma, nimeshaanza kuelea. Wewe ukaogelea shingo juu, suruali haijaguswa na tone, ukapishana na wale wawili wa mwisho waliokuwa wanamalizia kuogelea, ukafika kwangu bila hata kuhema. Mwalo wote ukalipuka. Kelele zile hazikuwa zangu, Mayu. Sikuwa nimewahi kukuona kutoka mbele. Siku zote nakuona ukiwa umeshafika.

Kuvaa suruali ndani ya maji ni mchezo wa nne, Kochi auongeze.

Nikatoka, macho chini, nikipinda mbali. Ndipo mkwe akauliza. Hakuniuliza mimi, hawezi. Aliuliza hewani, kama wanavyofanya wakwe, ili anayehusika asikie: "Jamani, naomba kuuliza. Huyu mjukuu wangu aliyepeleka suruali, namba yake iko wapi?"

Ulikuwa umesimama kando yangu, maji yanachuruzika. Mkono wako ulikuwa mtupu, umeoshwa, hauna hata alama. Ukautazama huo mkono. Halafu ukanitazama mimi.

Kwa mila, mimi simjibu mkwe. Sijawahi kuishukuru mila kama siku ile. Nikapanda baiskeli nikaondoka.

Barabarani niliipata ile shida yangu ya kukosa mzigo, halafu sikuipata tena. Usukani ulitulia. Swali la mkwe lilikuwa limekaa kwenye keria, upande, kama unavyokaa wewe, na lilikuwa zito kukuzidi. Nilipita watu wanne kilimani, suruali imelowa, kiwanda kinaungua, na sikuwa na swali hata moja la kuuliza. Kwenye mbio miguu ilikuwa ya mtu mwingine mpaka mwisho. Nikamaliza wa tatu, kwa kuhesabia kutoka nyuma, na kijiwe kikanibeba juu kama mbunge. Wewe ulikuwa pale na kikombe cha maji. Ukanitajia muda wangu, ukasema nimepunguza dakika sita. Ukauliza, "Ulitoa hewa?"

Nikasema nilitoa. Sikutoa, Mayu. Nilibana tangu mwaloni.

Tangu siku ile hujaenda kwenye mawe. Nilikuita mara ya kwanza ukasema unafua. Mara ya pili ukasema unasubiri majibu yatoke. Majibu yakatoka, mazuri kuliko ukoo mzima, ukasema unapanga vitu. Dumu la njano mama yako amelichukua, anawekea mafuta ya taa. Mimi nimeendelea kwenda peke yangu. Nina maswali mapya na hakuna wa kuyajibu, na maji bila wewe ni maji tu. Nikajipa moyo kwamba umekua, umechoka kucheza na baba. Mpaka leo mchana, kwenye mstari ule, uliponiandikia neno moja.

Sasa sikiliza alichosema Kochi.

Alisema, "Fundi, huyu binti usimwandikishe na watoto, mwandikishe na wakubwa. Sijaona mtu wa kuogelea hivi hapa Chato. Mzazi anasaini tu." Akanipa fomu mbili, yangu na yako.

Nilimjibu kwamba mwenyewe hutaki. Halafu nikaja kukuambia kwamba yeye hataki. Nilisema uongo kulia na kushoto kwa dakika kumi, na ninyi wawili mkaniamini, kwa sababu mimi ndiye mcheshi, na mcheshi hakuna anayemchunguza.

Fomu yako niliikunja nikaiweka humu gerejini, kwenye kopo la viraka, chini ya solusheni. Kila nikiziba pancha naiona. Nimekaa hapa tangu saa nane nikitafuta sababu nzuri ya kukupa. Nimejaribu mamba. Nimejaribu kichocho. Nimejaribu kusema kwamba mkono wangu haungeweza kuandika jina la mkwe kwenye karatasi ya mashindano, na hilo lilikaribia kunipendeza, ila nimesaini fomu zako za shule tangu darasa la kwanza na jina liko juu yake. Nimemjaribu hata mama yako, kwamba angekataa. Hazikai. Sababu ni ndogo na inanuka: nilishatamba kijiweni, na sikutaka kutoka majini nikiwakuta wanakushangilia wewe. Niliogopa kuziona nyayo zako mbele yangu. Na mwisho wake nikaziona tu, suruali yangu ikiwa kichwani mwako.

Baada ya mashindano ningeweza kusema. Kila siku ningeweza. Nilibana.

Fomu yenyewe iko ndani ya bahasha hii, imeshikwa na gundi kwenye kona moja, usishangae harufu. Nimesaini pa mzazi, kwa kuchelewa. Pa jina nimejaza kwa mkono wangu mwenyewe, na mkwe akisikia nitajua la kufanya. Kesho asubuhi, ukishapanda basi, nakwenda kwa Kochi, naye nimwambie.

Ile ya shule bado iko kwenye begi lako, haijafika kwa mtu. Lile neno uliloandika pale si lako. Ni langu, mimi ndiye niliyekutilia mdomoni, kule njiani, kitenge chako bado kimelowa.

Kochi hakusema "bado", Mbuke. Nilisema mimi.

Baba